Mstari wa Mwisho wa Kiapo

Mjomba Mwakio,

Kile kiapo niliandika mimi. Hakuandika Meja, wala yule katibu wa timu mwenye miwani uliyekuwa ukimshuku. Ni mimi, Mghoi, mpwa wako, kwenye meza yetu ya kulia hapa Najma, Doha, kwa kalamu ya bluu uliyoniletea kutoka lindoni. Sijamwambia mtu. Mama hajui. Wewe mwenyewe umekufa bila kujua, na nilikuwa na siku kumi na moja za kukuambia, umelala mbele yangu huwezi kwenda popote.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine sitalifikia. Unanijua. Shuleni mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, lakini mkono hauinuki. Ulikuwa ukinicheka: "Profesa, huo mkono wako una kafili wa kuushikia pasipoti? Mbona hauna ruhusa ya kutoka?" Mama alikuwa akikukemea uache kunitania, na mimi nilikuwa nikipenda unitanie. Hilo pia sikuwahi kukuambia.

Sasa nataka ujue ilivyokuwa, kwa mpangilio, hata kama haikusaidii kitu.

Unakumbuka mwaka ule wa mtikisiko wa uchumi, kampuni zilipokuwa zinapunguza watu na kreni zimesimama juu ya majengo ambayo hayajafika hata nusu. Kule Sanaya, eneo la viwanda, mlikuwa mnalala walinzi wanane chumba kimoja, na kila Alhamisi orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kambi: huyu anabaki, huyu anarudi kwao. Aliyeiandika orodha ile alikuwa Meja. Nilishangaa uliponiambia hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa msimamizi wenu tu, mtu wa sauti ya chini, shati lake la Ijumaa limepigwa pasi hata mikunjo inaweza kukata nyanya. Na alikuwa kocha wa timu yenu.

"Uwanjani kuna kumi na mmoja," alikuwa akisema, "lakini anayeishinda mechi ni yule wa kumi na mbili." Mimi nilidhani anasema mashabiki. Mama pia alidhani hivyo. Sisi tulio nje ya kambi sote tulidhani hivyo. Hatukujua kwamba Kumi na Mbili ni watu wenye majina, wanaokutana chumbani kwa Meja mlango ukiwa umefungwa, na kwamba asiyekuwa mmoja wao jina lake huonekana Alhamisi mlangoni. Au halionekani mlangoni, ila kesho yake mwenyewe anaonekana akichechemea.

Mimi nilijua mpira tu. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya kanisa, baada ya ibada ya Kiswahili pale Mesaimeer ulikuja kwetu, ukala ugali mpaka Mama akaficha sufuria, halafu saa kumi tulikupeleka uwanjani. Uwanja! Vumbi nyuma ya magereji, magoli ya mabomba ya ujenzi, mistari imechorwa kwa oili chafu ya magari. Wanawake hawakuwa wakionekana kule, kwa hiyo mimi na Mama tulibaki ndani ya gari, dirisha limeshushwa kidogo, nami nikiandika. Daftari ninalo bado. Msimu mmoja, magoli ishirini na matatu, kumi na tisa kwa mguu wa kushoto. Watu wa kambi zote walikuja kutazama mguu ule. Wanaume waliokuwa hawajui kama wiki ijayo watakuwa na kazi walikuwa wanarukaruka kama watoto, wanaimba jina la mjomba wangu. Mimi ndani ya gari nilikuwa naona fahari mpaka masikio yanawaka moto.

Basi siku moja, kwenye maegesho pale Mesaimeer, Meja alinifuata. Alikuwa amesikia ile sala niliyowaandikia vijana wa kanisa letu.

"Wewe ndio Profesa? Hiyo sala ilinitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi. Sasa andikia timu ahadi. Kiswahili cha ndani, kile cha kutetemesha. Na usimwambie mjomba wako. Tunataka kumsapraizi."

Mtu mzima hakuwa amewahi kuniomba kitu kama hicho. Nilikaa na kamusi siku nne. Niliandika mistari mitatu: tutaheshimiana, tutaitetea jezi yetu, hatutamwacha mwenzetu peke yake. Ijumaa iliyofuata akanirudishia karatasi. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Ongeza adhabu.*

"Hii ni ya watoto wa Sunday school, Profesa," alisema akicheka. "Ahadi bila adhabu ni chai bila majani. Hiyo si ni maji moto tu?"

Na hapa ndipo panaponichoma, Mjomba. Nilifurahia. Niliona kama amenipa hesabu ngumu na mimi naiweza. Nyumbani kwetu Taita Bibi hakuturuhusu kusema "haki ya Mungu" hata kwa penseli iliyopotea. Alisema maneno ya kiapo hayarudi mdomoni. Nililikumbuka hilo wakati naandika. Halafu nikajiambia hii ni Doha, hii ni karatasi, huu ni mpira. Nikafikiria timu, nikafikiria miguu, nikaandika mstari wa nne:

*Nikiiacha timu hii, mguu wangu usinibebe tena.*

Niliusoma kwa sauti bafuni, maji yakiwa wazi ili Mama asisikie. Nikauona ni mzuri. Nikanakili ukurasa mpya, safi, nikampa Meja. Ule wenye wino mwekundu nikauweka ndani ya kamusi.

Wiki tatu baadaye ulikuja kula, ukamwambia Mama mmeapishwa. Mmoja mmoja, chumbani kwa Meja, goti chini, mkono juu ya mpira. Nilikuwa nimeshika bakuli la sukuma wiki. Nilikuwa nasubiri useme maneno yale ni mazuri. Nilikuwa nimepanga kusema kwa sauti ndogo, "Ni mimi," na wewe ungepiga meza kwa mkono, ungesema "Profesa!" na tungecheka.

Ulisema: "Dada, yule aliyeandika mstari wa mwisho ana ulimi mchafu. Nimeapa huku mwili unasisimka."

Niliweka bakuli mezani. Nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Baada ya hapo ikaja habari ya Ssali, golikipa wenu, yule Mganda mwembamba mliyekuwa mnamwita Ngazi kwa urefu wake. Alikataa kupiga goti. Ulituigizia alivyosema, ukipandisha mabega kama yeye: "Mimi naapa kwa Mungu pekee. Mpira ni ngozi ya ng'ombe." Ulicheka, tukacheka. Juma lililofuata kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevunjika. Walisema amebanwa na mlango. Ulikuja Ijumaa hiyo hukula hata nusu sahani. Mama akakuuliza mlango gani huo, ukasema, "Milango ya Sanaya ni mizito, Dada."

Mimi nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini, lakini nilijua kina harufu ya karatasi yangu. Sikuuliza.

Kisha ukapata ile kazi ya Umm Salal. Dereva wa shamba. Mwenye shamba amekubali, barua ya ruhusa imetiwa sahihi. Ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu utoke nyumbani. "Nacheza fainali, halafu naenda zangu kuendesha nyanya," ulisema. "Nyanya hazina orodha ya Alhamisi. Nyanya hazina Meja." Mama akakwambia usimwambie mtu mpaka umeshaondoka. Ungemsikiliza Mama! Lakini wewe ulitaka kuaga kama mwanamume. Ulimwambia Meja mbele ya wenzako kwamba baada ya fainali unakwenda, tena unamchukua Ssali, kwa sababu kule wanahitaji mlinzi wa lango. Alipokukumbusha kiapo ulimjibu, "Kiapo si mkataba, Meja. Na hata mkataba una mwisho."

Ulituhadithia hayo mwenyewe, unatafuna, umejivuna. Siku nne baadaye ukaanguka kwenye ngazi za kambi.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa: ameanguka ngazini. Mama aliiangalia picha ya eksirei ya mguu wako pale hospitali kwa jicho lake la muuguzi, akaiinua kwenye mwanga, akasema polepole, "Ngazi haivunji mfupa mmoja mara tatu." Wewe ukasema, "Niliteleza, Dada. Kulikuwa na maji." Ukageuza uso. Nilielewa baadaye. Ssali alikuwa bado analala kambini, mikononi mwao.

Ulinieleza mimi, siku ya tano, Mama alipotoka kuongea na daktari. Sijui kwa nini ulinichagua mimi. Labda kwa sababu mimi sisemi.

"Walisoma kwanza, Profesa," ulisema. "Walikuwa wanne, wamenishika, wakasoma pamoja kama Baba Yetu. Walipofika ule mstari wa mwisho, Meja akawaambia warudie."

Nilikuwa nakumenyea chungwa. Niliendelea kulimenya.

Kisha ukaniuliza swali. Hukuniuliza kwa ubaya. Uliuliza kama mtu anayemuuliza msomi jambo lililomshinda. "Wewe ndiye unasoma vitabu. Niambie, mtu anakaaje mezani, anakunywa chai, anaandika neno kama lile?"

Nikasema, "Sijui, Mjomba."

Hilo ndilo neno la mwisho la maana nililokuambia. Baada yake tulizungumza habari za chungwa, za mashuka, za Bibi. Siku ya kumi na moja damu iliyoganda ndani ya mguu ule ilipanda mpaka kwenye mapafu. Mama alinieleza kwa lugha ya kazini kwake, kwa utulivu, kama anamweleza mtu wa familia nyingine. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikuambie yaliyobadilika.

Fainali ilichezwa wiki moja baada yako. Walishinda mbili kwa moja. Walivaa fulana zenye sura yako kifuani, na baadaye walikuja na kombe mpaka kwenye maegesho pale Mesaimeer ili Mama alishike, apigwe picha. Meja alilia. Alilia vizuri sana, mabega yakitikisika, akamkumbatia Mama akasema, "Dada yangu, tumepoteza mtoto wa nyumbani." Watu wazima waliotuzunguka walikuwa wanafuta macho. Mama alishika kombe lile kama mtu aliyekabidhiwa beseni la matapishi, akalirudisha. Hao hao ndio waliolibeba sanduku lako siku ya kukupeleka uwanja wa ndege. Walikuwa sita. Wanne kati yao nilijua mikono yao ilifanya nini. Nilisimama karibu yao nikiwa nimevaa gauni la shule, nikasema asante.

Ndiyo. Walipomaliza kukubeba nilisema asante.

Picha yako kwenye fulana ile ni ile ya nusu fainali, unapiga mpira. Aliyeikata ameikatia magotini.

Viatu vyako vya mpira viko chini ya kitanda changu ndani ya mfuko wa duka la Najma. Bado vina vumbi. Mama haendi tena upande wa Sanaya. Akihitaji fundi wa gari anatafuta mbali. Ijumaa hapiki ugali. Tunakula mkate.

Na kuna hili utakalolicheka, ukiwa bado unaweza kucheka. Nchi hii imepewa Kombe la Dunia. Kabisa. Siku ilipotangazwa magari yalipiga honi mpaka madirisha yakatetemeka, shuleni wakachorana bendera mashavuni, na msichana anayekaa nyuma yangu akaniuliza kama mimi napenda mpira. Viwanja vitajengwa, wanasema, vikubwa, vyenye baridi ndani. Kreni zimeanza kuzunguka tena. Kule nyuma ya magereji vijana wanazidi kuja kutazama, wanasema nani ajue, labda siku moja. Mama alifunga dirisha.

Sasa ndiyo sababu ya barua hii. Ijumaa iliyopita Meja alinifuata tena, palepale kwenye maegesho. Aliniwekea mkono kichwani, Mjomba. Mkono ule.

"Profesa wetu," alisema, "msimu unaanza. Kuna vijana wapya wataapa. Tunataka uongeze mstari wa kumkumbuka mjomba wako. Andika kitu ya kutoa machozi. Wewe ndio unajua."

Nikasema, "Sawa."

Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo. La kwanza nililifanya bila kujua. La chungwa nililifanya kwa woga, na ulikuwa hai, na nilidhani kuna kesho. Lakini hii "sawa" niliitoa nikiwa najua kila kitu, umeshazikwa Wundanyi, na Bibi ameshapanda maua.

Nimekaa nayo siku sita. Nilijaribu kweli kuandika mstari huo, sitakuficha. Nilijiambia nikiandika mstari mpole, labda utaufunika ule mwingine. Nilipofungua kamusi kutafuta neno, ukurasa wa zamani ukadondoka mezani. Mwandiko wangu wa bluu. Mwandiko wake mwekundu: *Ongeza adhabu.* Na chini, kwa bluu tena, mguu wako.

Nikajua ninayo. Muda wote huo Mama amekuwa akiuliza kwenye ofisi ya kampuni yenu, akipewa ile karatasi ya ngazi na maji, na mimi nilikuwa na mwandiko wa Meja ndani ya kamusi, kati ya herufi A na herufi B. Nilikuwa naogopa watu wataona wangu kabla ya wake. Bado naogopa hivyo.

Wiki hii kuna vijana wapya kule kambini. Wamefika kutoka Kisii, Mombasa, Jinja, sijui wapi. Kuna mmoja wao, hakosekani, anayejua kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Watampigisha goti, watamwekea mkono juu ya ngozi ya ng'ombe, na atasema maneno yangu.

Mjomba, sikuombi msamaha. Ningekuomba kama ningekuwa nimekuambia ukiwa unaweza kuninyima. Pumzika kule kwetu, kwenye baridi uliyokuwa ukiikumbuka kila joto likizidi. Nakuaga sasa kwa kuwa sikukuaga uwanja wa ndege. Nilikuwa nashukuru watu. Ninakuahidi jambo moja tu, dogo, ili niweze kulitimiza: neno lolote nitakaloandika kuanzia leo, jina langu litakuwa chini yake.

Mpwa wako,
Mghoi

*

Naongeza haya baada ya siku mbili, kwa sababu nilisema nitakueleza kwa mpangilio.

Niliposaini barua nilimpelekea Mama jikoni pamoja na ule ukurasa. Alisoma amesimama. Alipofika penye chungwa aliketi. Alisoma yote, akarudi mwanzo akasoma tena. Hakunipiga wala hakunishika. Aliuliza, "Ssali bado yupo?" Nikasema yupo, wamemhamishia kwenye lango la ghala moja. Akasema, "Vaa viatu."

Tulimkuta Ssali langoni akimalizia zamu. Mama alimwonyesha ukurasa. Aliutazama, kisha akautazama mkono wake ambao haukunji vidole vizuri, akasema, "Mama Mghoi, mimi nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aanze." Akapanda nyuma ya gari.

Kwenye kituo cha polisi tulingoja kwenye viti vya chuma. Ofisa aliyetupokea hakujua Kiswahili, Mama ana Kiarabu cha wagonjwa tu, kwa hiyo ilinibidi nitafsiri mimi kwa Kiingereza, mstari kwa mstari. Ule wa mwisho kwa Kiingereza ulikuwa mfupi sana. Ofisa alisimamisha kalamu. Akatutazama Mama, Ssali, na mimi, akauliza maneno haya yaliandikwa na nani.

Niliinua mkono.